Kupima Mpindo wa Uti wa Mgongo wa Mtoto Bila Mionzi: Hatua kwa Hatua

Mtoto akishaambiwa ana skoliosisi, yaani uti wa mgongo wake umepinda kwenda pembeni huku ukijisokota, safari ya vipimo huwa ndefu. Akigunduliwa akiwa na miaka 11, bado ana miaka kadhaa ya kurefuka, na kila anapokwenda kliniki swali ni lile lile: mpindo umetulia au umeongezeka? Kwa miongo mingi jibu limetafutwa kwa eksirei. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitafuta kwa njia zisizotumia mionzi: zipi unaweza kuzifanya nyumbani au shuleni, zipi zinahitaji mashine na mtaalamu, na namba unazopata zina maana gani. Nimemlenga mzazi, mlezi, mwalimu na mhudumu wa afya ambaye si bingwa wa mifupa.

Msimamo wangu ni huu. Vipimo hivi haviifuti eksirei. Picha ya kwanza, ile inayothibitisha kwamba ni skoliosisi na kuonyesha kama pingili zenyewe zimeumbika vizuri, mara nyingi haina mbadala. Kazi ya vipimo visivyo na mionzi ni kuhakikisha kwamba kila eksirei inayofuata inapigwa kwa sababu, wala si kwa kuwa miezi sita imepita. Na vitafanya kazi hiyo endapo tu mtoto atapimwa kwa namna ile ile kila mara. Kipimo rahisi kinachofanywa kwa utaratibu usiobadilika kina faida kuliko mashine ya kisasa inayotumiwa ovyo.

Kwa nini tuhangaike na mionzi

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 5,573 waliogunduliwa kuwa na skoliosisi kati ya mwaka 1912 na 1965. Kwa wastani kila mmoja alikuwa amepigwa eksirei karibu 25. Vifo vya saratani ya matiti miongoni mwao vilikuwa 77, ilhali vilivyotarajiwa kwa wanawake wa aina yao vilikuwa karibu 46. Mashine za enzi hizo zilitoa mionzi mingi kuliko za leo, kwa hiyo mzazi asiingiwe na hofu kwa ajili ya picha mbili tatu alizokwisha kupigwa mwanawe. Lakini matiti ya msichana anayebalehe na tezi ya shingo huathirika kwa mionzi kwa urahisi, na dozi hujumlishana mwaka hadi mwaka.

Ipo mashine iitwayo EOS, iliyotokana na kazi ya Georges Charpak, mwanafizikia wa Ufaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Inampiga mtoto picha akiwa amesimama, kwa dozi iliyo chini ya eksirei ya kawaida. Ni hatua nzuri, ila bado ni mionzi, kwa hiyo haimo katika orodha ya mwongozo huu.

Pembe mbili ambazo watu huzichanganya

Daktari akisema "mpindo wa nyuzi 25", anazungumzia pembe ya Cobb. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1948 na daktari wa mifupa wa Marekani, John Cobb: kwenye eksirei ya mtoto aliyesimama unachora mstari juu ya pingili ya juu iliyolala zaidi, mwingine chini ya pingili ya chini iliyolala zaidi, kisha unapima pembe kati ya mistari hiyo. Kuanzia nyuzi 10 ndipo huitwa skoliosisi.

Kile utakachopima mgongoni mwa mtoto ni pembe nyingine kabisa: pembe ya msokoto wa kiwiliwili. Uti unapopinda pembeni, pingili nazo huzunguka, zikisukuma mbavu za upande mmoja kwenda nyuma. Mtoto akiinama, upande huo huinuka kuliko mwenzake. Pembe ya mwinuko huo ndiyo inayopimwa.

Mwaka 1984 William Bunnell, daktari wa Marekani, alionyesha uhusiano wa pembe hizi mbili: watoto wenye msokoto wa nyuzi 5 walikuwa na pembe ya Cobb ya wastani wa nyuzi 11, na wenye nyuzi 7 walikuwa na wastani wa nyuzi 20. Nasisitiza neno wastani. Mtoto mmoja mwenye msokoto wa nyuzi 7 anaweza kuwa na mpindo mdogo, mwingine mpindo mkubwa zaidi. Kwa hiyo usichukue namba ya skoliometa, kifaa kidogo cha kupimia msokoto, ukaizidisha kwa mbili au tatu ukadhani umepata pembe ya Cobb. Msokoto hukuambia nani aende kwa daktari, na kama mtoto yule yule anabadilika. Hapo ndipo mpaka wake.

Hatua ya 1: Andaa mahali na mwandae mtoto

Utahitaji chumba chenye mwanga mzuri na sakafu iliyo sawa, uzi wenye kitu kizito mwishoni, rula, futi ya kupimia, kiti kisicho na mgongo, daftari, na skoliometa au simu yenye programu ya kupima mwinamo.

Mgongo unatakiwa uonekane wote, kuanzia shingoni hadi mfupa wa nyonga. Mvulana anaweza kubaki na kaptura iliyoshushwa kidogo kiunoni. Msichana avae sidiria ya michezo yenye mkanda mwembamba nyuma, au vazi la kuogelea lililo wazi mgongoni. Nywele ndefu zifungwe juu ya kichwa. Viatu na soksi vivuliwe.

Sehemu inayosahaulika ni mtoto mwenyewe. Umri ambao skoliosisi huongezeka kwa kasi ndio umri ambao mtoto anauonea haya mwili wake. Mweleze kwanza utafanya nini, utamgusa wapi na itachukua muda gani. "Mwanangu, nitaweka kipimo hiki mara tatu kwenye kila sehemu ya mgongo wako, halafu tumemaliza." Mpe nafasi ya kuchagua nani awepo chumbani. Usimpime mbele ya ndugu zake, na shuleni usimpime mbele ya wenzake. Mhudumu wa jinsia yake, au mtu mzima anayemwamini, awepo. Na usimlaumu. Skoliosisi iliyo ya kawaida zaidi, ile inayojitokeza wakati wa kubalehe bila chanzo kinachojulikana, hailetwi na begi zito wala kukaa vibaya darasani. Mtoto anayeambiwa "ungekaa wima usingepata haya" atakuwa anajikaza kila akipimwa, nawe utakuwa unapima kujikaza kwake.

Chagua saa moja ya siku na uishike. Mtoto aliyetoka kucheza mpira jioni hasimami kama alivyosimama asubuhi. Kama anavaa bresi, yaani gamba gumu la kiwiliwili linalozuia mpindo usiongezeke, muulize daktari aivue muda gani kabla ya kipimo, kisha muda huo usibadilike.

Hatua ya 2: Mtazame akiwa amesimama

Simama nyuma yake, hatua mbili hivi. Miguu yake iwe sambamba, magoti yamenyooka, mikono imening'inia, macho mbele. Mwache apumue kidogo ndipo uanze; sekunde za mwanzo watoto wengi hujinyoosha kama wanaokaguliwa.

Anza juu ushuke. Je, mabega yako sawa? Mifupa bapa ya mabega imekaa kimo kimoja, au mmoja umetokeza? Kati ya mkono na kiuno huwa kuna uwazi kila upande: linganisha uwazi wa kulia na wa kushoto. Mara nyingi hapa ndipo mpindo wa chini ya mgongo hujisaliti, hata mabega yakiwa sawa kabisa. Malizia na nyonga: weka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, uone kama mikono yako iko usawa mmoja.

Andika ulichokiona kwa maneno mafupi: "bega la kulia juu, uwazi wa kiuno kushoto mkubwa." Miezi mitatu ijayo utashangaa jinsi kumbukumbu isivyotegemeka.

Hatua ya 3: Dondosha timazi

Timazi, yaani ule uzi wenye kitu kizito mwishoni, hupima jambo ambalo skoliometa hailioni: kama kiwiliwili chote kimehamia upande mmoja.

Tafuta kwanza pingili ya saba ya shingo. Mwambie mtoto ainamishe kichwa. Kwenye shina la shingo patatokeza kinundu kikubwa kuliko vingine. Wakati mwingine vinatokeza viwili. Weka kidole juu ya kila kimoja, kisha mwambie ainue kichwa na kukirudisha nyuma polepole. Cha juu kitateleza mbele na kupotea chini ya kidole. Kinachobaki ndicho unachokitaka.

Shikilia uzi hapo, uache uzito uning'inie na utulie, kisha tazama uzi unapita wapi kwenye mstari unaogawa makalio. Ukipita katikati, kiwiliwili kimesimama juu ya nyonga. Ukipita pembeni, pima umbali kwa rula na uandike kwa milimita, pamoja na upande.

Hatua ya 4: Mwinamishe

Jaribio hili limepewa jina la William Adams, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyelieleza mwaka 1865, na hadi leo ndilo msingi wa uchunguzi wa skoliosisi duniani.

Mtoto asimame nyayo zikiwa karibu na sambamba, magoti yamenyooka. Aunganishe viganja vyake kama anayetaka kupiga mbizi, mikono ikiwa imenyooka, kisha ainame polepole kutoka kiunoni, kichwa kikilegea chini. Viganja vilivyounganishwa vina kazi: vinazuia bega moja lisitangulie mbele ya jingine. Mtoto akikunja goti moja, mgongo mzima huinuka upande mmoja na utaona nundu ambayo haipo.

Wewe chuchumaa au kaa, jicho lako lifikie usawa wa mgongo wake. Usitazame ukiwa umesimama. Ukiwa juu, nundu ya milimita kadhaa haionekani. Mwambie ainame kwa hatua: kwanza kidogo, utazame sehemu ya juu ya kifua, kisha zaidi, utazame katikati, pale mbavu zinapoishia, kisha zaidi tena, utazame kiuno. Kila sehemu ya mgongo huonekana vizuri inapokuwa juu kabisa ya mstari wa macho yako, kwa hiyo mtoto akiinama mara moja mpaka chini, umeshapitwa na sehemu mbili. Zunguka pia mbele yake umtazame kutoka kichwani. Nundu za juu huonekana vizuri zaidi kutoka huko.

Hatua ya 5: Pima msokoto

Skoliometa ni kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa wazo la pimamaji ya fundi mwashi: mrija uliopinda wenye kimiminika, na ndani yake gololi inayotembea kwenye alama za nyuzi. Chini katikati kuna pengo.

Pengo hilo ndilo siri ya kipimo. Vinundu vya uti wa mgongo lazima vikae ndani yake, ili kifaa kiegemee nyama za pande mbili, si mifupa ya katikati. Fanya hivi: kwa kidole cha mkono wa kushoto fuata vinundu kutoka shingoni ukishuka, mtoto akiwa ameinama, hadi ufike mahali upande mmoja umeinuka kuliko kwingine kote. Kiache kidole hapo. Kwa mkono wa kulia leta skoliometa, alama ya sifuri juu ya kinundu, kifaa kikikata uti kwa pembe mraba. Ondoa kidole. Kiache kifaa kiegemee kwa uzito wake. Ukikikandamiza, upande laini utabonyea na namba itashuka. Gololi itatikisika kidogo mtoto akipumua. Mwambie apumue nje taratibu, subiri itulie, soma ukiwa usawa nayo.

Kisha mtoto asimame wima, apumzike, ainame tena, nawe upime upya. Fanya mara tatu kwa kila sehemu ya mgongo na uandike namba ya kati. Ukipata nyuzi 6, 7 na 6, andika 6. Ukipata 4, 9 na 6, usiandike chochote: kuna kitu kinachezacheza, aidha miguu, aidha mikono yako, na kazi irudiwe.

Simu nayo inaweza kufanya kazi hii, kwa kuwa ndani yake kuna kihisio cha mwinamo. Shida ni kwamba simu haina pengo. Ukiilaza moja kwa moja juu ya uti itabembea juu ya vinundu. Watu huishikilia kwa ukingo wake mrefu, dole gumba moja chini ya kila mwisho, madole yakilala pande mbili za uti na vinundu vikipita katikati. Au hutumia kishikio maalumu chenye pengo. Mimi nashauri kishikio, kwa sababu madole mawili hayabonyei sawa. Toa kava, chagua ukingo usio na vitufe, na kabla ya kuanza iweke simu juu ya meza iliyo sawa uhakikishe inasoma sifuri. Na ukianza na simu, endelea na simu hiyo hiyo. Usipime mwezi huu kwa simu na mwezi ujao kwa skoliometa kisha ukalinganisha.

Namba inasemaje? Kwa mtoto ambaye hajawahi kuonwa na daktari, nyuzi 7 au zaidi mahali popote ni sababu ya kumpeleka. Kwa mtoto mnene nashauri apelekwe hata akiwa na nyuzi 5 au 6, kwa kuwa mafuta ya mwili huficha msokoto. Watoto wanene hugunduliwa wakiwa wamechelewa, na hilo halipaswi kuendelea. Kwa mtoto ambaye tayari anafuatiliwa, tofauti ya nyuzi 1 au 2 inaweza kuwa ya mkono wa mpimaji tu. Ikipanda nyuzi 3, pima tena siku nyingine. Ikibaki pale pale, mtafute daktari kabla ya tarehe ya kliniki.

Hatua ya 6: Rudia akiwa amekaa

Mguu mmoja ukiwa mfupi, nyonga hulala upande mmoja na uti hupinda ili kichwa kibaki wima. Mpindo huo si skoliosisi yenyewe. Mkalishe mtoto kwenye kiti kisicho na mgongo, nyayo zikigusa sakafu, ainame mbele kati ya magoti, upime tena. Nundu ikitoweka, chunguza miguu. Ikibaki, imo mgongoni.

Hatua ya 7: Pima urefu wake

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ya pili kwa umuhimu baada ya skoliometa. Mpindo huongezeka zaidi mtoto anaporefuka kwa kasi, hivyo kujua kasi yake ya kurefuka ni kujua lini uwe macho. Kwa wasichana kilele cha kurefuka huwa karibu na miaka 11 au 12, na kwa kawaida hutangulia kuvunja ungo. Kwa wavulana huja baadaye, karibu miaka 13 au 14. Msichana wa miaka 11 ambaye hajavunja ungo na mwenye mpindo wa nyuzi 22 yumo hatarini kuliko wa miaka 15 mwenye mpindo huo huo, ambaye alivunja ungo miaka mitatu iliyopita.

Pima urefu akiwa amesimama dhidi ya ukuta, kisha akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, makalio yakigusa ukuta. Urefu wa kukaa ndio unaoonyesha kukua kwa uti wenyewe, kwani miguu huanza kurefuka mapema na kuacha mapema. Tarehe ya kuvunja ungo iandikwe pia, daktari ataiuliza.

Hatua ya 8: Andika, na usipime kupita kiasi

Kila ukurasa wa daftari uwe na tarehe, saa, jina la mpimaji, kifaa, namba za sehemu tatu za mgongo zikiwa na upande wa mwinuko, milimita za timazi, urefu wa kusimama na wa kukaa. Mpimaji awe mmoja. Baba akipima Januari na shangazi akipima Aprili, tofauti ya mikono yao itaonekana kama tofauti ya mgongo.

Kila baada ya miezi mitatu inatosha. Anaporefuka kwa kasi, kila mwezi. Kila wiki ni kumtesa: mgongo haubadiliki kwa wiki, kinachobadilika ni wasiwasi wa mzazi, na mtoto huusoma usoni mwako kabla hujasema neno.

Picha za kamera zinasaidia kuona mabadiliko ya mabega na kiuno, mradi simu iwe kwenye stendi, kwa kimo kile kile na umbali ule ule. Ila ni picha za mwili wa mtoto. Zisitumwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata ya wazazi wenye watoto kama wako.

Mashine zisizotumia mionzi

Zipo njia tatu ambazo unaweza kuelekezwa hospitalini.

Ya kwanza ni kupima umbo la mgongo kwa mwanga. Taa huangaza mistari mgongoni, kamera husoma jinsi mistari inavyojikunja kufuata umbo la ngozi, na kompyuta hujenga sura ya mgongo katika vipimo vitatu. Asili yake ni njia ya moaree, ya kusoma umbo kwa mistari ya kivuli, iliyoelezwa na Mjapani Takasaki mwaka 1970, ambayo baadaye Japani iliitumia kupima watoto shuleni. Mashine za leo hutafuta zenyewe kinundu cha shingo na vishimo viwili vya chini ya mgongo, kisha hukadiria mstari wa uti. Uzuri wake ni kasi, na kwamba mtoto anaweza kupimwa mara nyingi bila madhara yoyote. Udhaifu wake ni kwamba inaona ngozi, haioni mfupa. Mtoto akinenepa au akisimama tofauti, namba hubadilika ilhali uti uko vile vile.

Ya pili ni altrasaundi, na kwangu hii ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, kwa sababu inaona mfupa wenyewe. Mtoto husimama, hupakwa jeli mgongoni, na mtaalamu hutembeza kichwa cha mashine kutoka chini ya mgongo hadi juu huku kompyuta ikirekodi kichwa hicho kiko wapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong walitengeneza mfumo uitwao Scolioscan kwa kazi hii hii, na wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wameiendeleza njia yao. Mawimbi ya sauti hugonga sehemu za nyuma za pingili, hayafiki kwenye miili ya pingili inayopimwa na Cobb. Ndiyo maana pembe ya altrasaundi kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya eksirei. Linganisha altrasaundi na altrasaundi. Mzazi anayepokea nyuzi 21 za altrasaundi baada ya nyuzi 26 za eksirei asishangilie kwanza. Na kwa mpindo mkubwa uliosokotwa sana, au mtoto mnene, picha hufifia.

Ya tatu ni MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku. Haina mionzi, lakini mtoto hulala, na akilala uzito wa mwili hauubani tena uti, hivyo mpindo hupungua. Kwa kufuatilia pembe haifai sana. Kazi yake ni kutazama uti wa fahamu, yaani neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo: kama kuna uvimbe wa maji ndani yake, au umenasa chini, au sehemu ya ubongo imeshuka shingoni.

Dalili zisizosubiri daftari

Mpeleke mtoto hospitalini bila kungoja kipimo kijacho akiwa na maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, miguu dhaifu au yenye ganzi, mabadiliko ya kwenda haja ndogo au kubwa, unyayo mmoja unaoanza kukunjika, madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, au shungi la nywele ama kishimo kisicho cha kawaida chini ya mgongo. Hali kadhalika mtoto wa chini ya miaka 10 mwenye nundu ya wazi, na mtoto ambaye kifua chake kimesokotwa kushoto, kwani katika skoliosisi ya kawaida mpindo wa kifua huelekea kulia.

Ukifika kliniki

Nenda na daftari. Kama daktari ana namba za miezi tisa zilizopimwa na mkono mmoja, zimetulia, na mtoto ameshapunguza kasi ya kurefuka, ana msingi wa kuahirisha picha. Kama msokoto umepanda na mtoto anarefuka, eksirei ipigwe, na usiipinge. Kuna tiba inayotegemea kujua mapema: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa asilimia 72 ya watoto waliovaa bresi walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Bresi hutolewa mpindo ukiwa karibu nyuzi 25 hadi 40 na mtoto bado anakua. Fursa hiyo ikipita haijirudii, na kuikosa kwa kukwepa picha moja ni hasara kubwa kuliko mionzi ya picha hiyo.

Picha inapopigwa, omba mambo machache. Mtoto asimame akiwa ameelekeza mgongo kwenye mashine ili mionzi iingie kutoka nyuma na matiti yapate dozi ndogo. Uliza kama picha ya ubavuni inahitajika safari hii au inaweza kuachwa. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo aulizwe kwa faragha kuhusu ujauzito. Siku hiyo hiyo mpime kwa skoliometa, uiandike namba yake kando ya pembe ya Cobb, ili vipimo vyako vijavyo viwe na pa kuegemea. Kumbuka pia kwamba hata Cobb ina makosa ya upimaji, hivyo tofauti iliyo chini ya nyuzi 5 kati ya picha mbili haihesabiki kuwa ongezeko la uhakika. Mwisho omba nakala ya picha ibaki mikononi mwako, kwenye diski au simuni, ili ukihamia kliniki nyingine wasilazimike kuipiga upya.